Meza Moja, Kengele Mbili

Saa sita kasoro dakika tano mchana, Nkasiogi anamimina debe la mwisho la pilipili kavu kwenye mashine ya kusaga. Kiwanda kizima kinapiga chafya, isipokuwa yeye. Kanga imemziba pua na mdomo. Shanga zake zinaning'inia msumarini, mbali na mashine.

Kengele inalia. Anazima mashine, ananawa, anakwenda kula. Kwa mwingine hilo ni jambo la kila siku. Kwake ni ushindi.

Mama huyu wa miaka 51, mkazi wa Kisongo, ndiye mwanamke wa kwanza kuendesha mashine katika kiwanda hiki cha viungo kilichopo Engutoto. Zamani wanawake walichambua tu, tena walikula nje juu ya magunia, ilhali watu wa ofisini wakila ndani.

"Nikasema kwenye kikao, sisi si kuku wa kudonoa uani," anakumbuka. "Kama ni usawa, tuanze na meza."

Meneja wao, Bhavna, alimsikia. Kanuni mpya ikabandikwa ukutani: wote wanakula meza moja, kwa wakati mmoja. Anayekataa kukaa na mwenzake kwa sababu ya dini, kabila au jinsia, anapewa barua ya onyo. Nkasiogi alipiga vigelegele. Hakujua kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwezi Mei mwaka jana kiwanda kiliajiri mpakiaji mizigo kwa majaribio ya miezi mitatu. Jina lake Lemomo, mume wa binti yake Nkasiogi. Usaili aliupita kwa uwezo wake, bila mama mkwe kumsemea.

Sasa, kwa Waarusha kama wao, mwanamume hali chakula pamoja na mama mkwe wake. Ni heshima, tena heshima nzito.

Siku ya kwanza Nkasiogi alijifanya mashine imemgomea, akabaki nayo ili kijana ale. Kumbe Lemomo naye alikuwa amejibanza nyuma ya ghala ili mama ale. Siku tisa mfululizo, sahani mbili zilirudi jikoni zimejaa.

"Mimi nilidhani chumvi imezidi," anasema Prisca, mpishi, huku akicheka.

Siku ya kumi Lemomo aliitwa ofisini. Kuna mtu alikuwa ameripoti kwamba hataki kula na wanawake. Barua ya onyo ilikuwa tayari mezani, na kwa aliye kwenye majaribio, onyo moja tu linatosha kumrudisha nyumbani.

"Nilimuuliza kama ni kweli, akainama tu," anasema Bhavna. "Kumtaja mkwewe hakuweza."

Habari zilimfikia Nkasiogi akiwa na gunia mkononi, na anakiri kwamba aliogopa. Akinyamaza, riziki ya binti yake inapotea. Akisema, ataonekana anaivunja meza aliyoipigania mwenyewe.

Aliliacha gunia. Akasimama mlangoni mwa ofisi, akageuza uso asitazamane na mkwewe, akasema akiuangalia ukuta.

"Bhavna mwanangu, huyu hajanidharau. Ananiheshimu mpaka anashinda njaa. Na mimi vilevile."

Bhavna aliichukua barua, akaichana.

"Nisamehe mama," alimwambia. "Bibi yangu alijifunika uso mbele ya baba mkwe wake maisha yake yote. Ningeuliza kwanza, ningeelewa."

Kanuni ilirekebishwa wiki hiyohiyo. Meza ni ileile, ila kengele ni mbili, na kila mtu anachagua zamu yake bila kuulizwa sababu. Mwezi Agosti Lemomo alithibitishwa kazini.

Nkasiogi sasa ameomba usimamizi wa chumba cha mashine. Akiupata, anataka kila mwaka wasichana wawili wafundishwe kusaga.

"Watapiga chafya weee, halafu watazoea," anasema.

Anamaliza kula, anatazama saa ya ukutani. Kengele ya pili imekaribia. Anainuka haraka, anapitia dirisha la jikoni.

"Prisca, yule wa zamu ya pili mwekee ukoko. Binti yangu anasema anaupenda sana," ananong'ona. "Ila usimwambie ni mimi."