Kaskazini Inayotembea

Ukungu ulishuka mapema jioni ile, na mpaka giza lilipoingia boti inayohudumia maboya, alama zinazoelea za kuongoza meli, ilikuwa haijarudi bandarini. Mama Futi alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Sindano ilikuwa imezama nusu kwenye mkono wa shati la mteja, na hapo hapo ikabaki.

Mwanawe wa pekee, binti, alikuwa ndani ya boti hiyo. Kazi yake ni kumpa nahodha mwelekeo: shika hapa, geuka pale. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza kuachiwa kazi hiyo peke yake, tena kwa dira na ramani ya zamani, maana chombo cha setilaiti kilikuwa kimezimika na fundi wake hajapatikana.

"Wewe shona," wifi yake alimwambia kutoka kitandani. "Boti haiji haraka kwa kuwa umeukodolea ukuta macho."

"Nashona."

"Unashona hewa."

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikuwa na mdomo usiopumzika, lakini alikuwa ameshamwekea chai mara mbili, na mara mbili chai ilipoa.

Mama Futi aliitwa hivyo kwa ajili ya futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima, hata sokoni. Shule aliiacha mapema, lakini hesabu za vipimo alizimaliza kichwani kabla mteja hajashusha mikono. Ndiyo maana binti yake, alipoanza kusomea kazi za majini, alimfanya mwenzi wa hesabu. Binti anasoma tarakimu kwa sauti, kila mmoja anapiga hesabu yake kimya, kisha wanalinganisha. Majibu yakifanana, yanaandikwa. Yakitofautiana, wanarudia.

Mwanzoni mama hakuelewa wanachokihesabu.

"Kaskazini ziko mbili," binti alimweleza.

"Mbili? Nani kaongeza?"

"Hakuna aliyeongeza, mama. Kuna kaskazini ya ramani, hiyo haiendi popote. Na kuna ile inayovuta sindano ya dira. Hiyo iko pembeni kidogo. Ule upembeni ndio tunauita mchepuko. Tena haukai vile vile, kila mwaka unasogea."

"Unasogea unaenda wapi?"

"Unatembea tu. Huko chini kabisa ya ardhi kuna chuma kilichoyeyuka, kinazunguka. Kikienda huku, sindano inafuata."

Mama Futi aliweka mkasi chini. Je, mtu akisimama kwenye hiyo kaskazini yenyewe atahisi kitu miguuni? Na ndege wanaosafiri mbali, wanajua? Binti akacheka mpaka akashindwa kujibu. Wiki ile mama alikuwa akimpima mteja kifua na kumuuliza, "Hivi unajua kuwa kaskazini inatembea?" Wateja walimjibu wanaomba mikono isibane.

Hesabu yenyewe aliishika kupitia sare za shule. Ramani imechapwa mwaka fulani, na mchepuko wa mwaka huo umeandikwa ndani ya duara la dira. Pembeni imeandikwa unasogea kiasi gani kila mwaka. Basi ni kama kipimo cha mtoto ulichokiandika zamani: unahesabu miaka iliyopita, unazidisha kwa anavyokua, unapata kimo chake cha leo. Binti akakubali, ila akatoa onyo.

"Huyu mtoto wetu mara nyingine anapungua. Mchepuko ukiwa wa magharibi na unasogea kuelekea mashariki, unatoa, hujumlishi."

"Mtoto anapungua kimo?"

"Huyu, ndiyo."

Mama alicheka, akasema hajawahi kumshonea mtoto wa namna hiyo.

Sasa, usiku huu, alishindwa kukaa. Aliitandaza ramani ya mazoezi, nakala ya ile iliyoko botini, juu ya meza ya kukatia nguo, aone kwa macho yake mahali mwanawe alipo. Alitafuta duara la dira. Digrii nne magharibi, mwaka wa zamani. Dakika sita, vile vipande vya digrii, kila mwaka. Miaka ishirini imepita, dakika mia moja na ishirini, yaani digrii mbili. Nne na mbili, sita. Ndilo jibu alilolitoa jana jioni kwa ajili ya safari hii, binti akiwa amelaza kichwa mezani kwa usingizi. "Sita. Sawa," binti alisema, akaandika. Yeye hakupiga hesabu yake. Jana hakikulinganishwa chochote.

Kidole cha mama kilisogea kwenye neno la mwisho ndani ya duara. Mashariki.

"Nimemjumlishia," alisema.

"Nini?" wifi aliinua kichwa.

"Ilikuwa kutoa. Ni mbili, siyo sita. Nimempa digrii nne ambazo hazipo."

"Nne ni nyingi?"

Mama Futi alinyoosha futi kutoka bandarini hadi ng'ambo, akaweka kidole, kisha akaisogeza pembeni kidogo kama zile digrii nne zilivyotaka. Huku bandarini mistari miwili iligusana. Kule mwisho ncha ya kidole ilipita katikati yake, na ndani ya nafasi hiyo kulikuwa na vialama vidogo kama misalaba.

"Hivi ni nini?" wifi aliuliza akichungulia.

"Miamba."

Wifi alishuka kitandani akaanza kutafuta viatu.

Chumba cha redio cha bandari kilikuwa ghorofani, mlango umefungwa. Opereta aliufungua nusu, vidude vya kusikilizia vikiwa shingoni.

"Mama zangu, hapa haparuhusiwi."

"Boti ya maboya. Mwambie binti aliyeshika ramani, mchepuko ni mbili. Siyo sita."

Opereta aliitazama ile futi. "Nani kakuambia mambo ya mchepuko?"

"Kijana," wifi alisema, "utamhoji baadaye. Ongea na boti."

Mlango ulifungwa. Walikaa kwenye benchi la mbao. Ndani sauti ya opereta ilipanda na kushuka, lakini maneno hayakushikika. Halafu kimya. Halafu redio ikakoroma tena.

"Hivi hiyo kaskazini," wifi aliuliza polepole, "kutembea kote huko haichoki?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Akasema haijawahi kusimama tangu dunia iwepo. Mara nyingine inageuka inarudi ilikotoka."

"Na watu wanaifuata hivyo hivyo."

"Wanaifuata. Ila wanahesabu."

Kitasa kilizunguka. Mama Futi alisimama kabla mlango haujafunguka, mkono umeikamata futi. Opereta alitoka, akaubana mlango kwa mgongo usijifunge.

"Wametia nanga, wanangoja ukungu. Wote wazima. Taa ya kuongozea meli waliyoitazamia kulia ilitokea kushoto, binti yako akasimamisha boti, akarudia hesabu. Ameshapata mbili yake tangu jioni." Akajikuna kidevu. "Sasa anauliza wewe umeipataje. Ingia umwambie mwenyewe."