Jeli ya Mguu wa Mama Zaina

Siku yangu ya kwanza wodini, Matroni alinikabidhi birika la maji ya chumvi na kuniambia niyapashe moto kwanza. Nilikuwa msichana mwenye cheti kipya na viatu vya kubana, nikadhani ananitania.

"Lushoto hii ni baridi, binti. Kidonda ukikimwagia maji ya baridi, kinanuna."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Kila kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, na kila bomba la sindano lilisuuzwa kwa maji hayohayo kabla ya kutumika. Matroni hakutaka mjadala. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini yalianza kujaa, ila kabati letu la bandeji halikupata habari hizo.

Ubinafsishaji ulipopamba moto nilikuwa nimeshahamia chumba cha vidonda. Hapo ndipo alipotujia Daktari wa Utafiti kutoka Dar es Salaam, kijana mpole, na vichupa viwili vya unga ndani ya kibebeo cha barafu.

"Hizi ni peptidi, yaani vipande vifupi vya protini," alitueleza. "Vikifika kidondani vinajipanga vyenyewe, nyuzi kwa nyuzi, vinakuwa jeli. Seli zinapata pa kushika. Tena nyuzi hizo zinaiga vichochezi vya ukuaji, ule ujumbe wa mwili unaoziambia seli zikue."

Nilimpenda bure kwa maelezo yale. Maisha yangu yote nilikuwa nikiosha vidonda bila kujua vinaambiwa nini.

Mgonjwa alikuwa Mama Zaina, mkulima wa kabichi wa upande wa Irente. Kidonda cha mguu wake kilikuwa kimegoma kupona hadi mfupa ukaonekana, na Mganga Mkuu alikwishapanga siku ya kuukata mguu. Alipoelezwa kwamba dawa bado ni ya majaribio, alicheka.

"Mkikata, nani atapanda yale matuta yangu? Jaribuni, wanangu."

Matroni aliyeyusha unga wa kwanza kwa maji safi yasiyo na chumvi, kama alivyoagizwa. Akavuta dawa. Akasukuma. Haikutoka kitu. Ndani ya bomba dawa ilikuwa imeganda kama uji uliolala.

"Bomba mmelisuuza kwa kitu gani?" Daktari akauliza.

"Kwa maji ya chumvi," Matroni akajibu kwa fahari.

Kijana wa watu akakaa kitini. "Chumvi ndiyo inayoigandisha. Nilitaka ikutane nayo mwilini. Sikuwaonya."

Mimi machozi yakanilenga. Aliyezungumza ni mwenye mguu.

"Vimebaki vichupa vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Basi acheni msiba, kiwekeni."

Kilitosha nusu tu ya kidonda. Matroni alichagua pale palipokuwa na mfupa, safari hii kwa bomba kavu. Baada ya muda zikatokea punje nyekundu za nyama mpya, na Mganga Mkuu akaahirisha kukata, kisha akaacha kabisa kulizungumzia jambo hilo. Ile nusu nyingine tuliihangaikia kwa maji ya chumvi, nayo ikafunga polepole. Daktari alikiri kwamba mguu mmoja hauthibitishi kitu. Matroni alidai ni maji yake yaliyouponya. Walibishana hadi kijana alipoondoka, na vichupa vile havikuletwa tena.

Sasa nimestaafu. Nikisikia vijana wanazungumzia peptidi nafurahi, na naona wivu pia, maana najua wangapi tuliwakata miguu.

Juzijuzi nilikuwa nikipanda kilima cha Irente, magoti yananiuma, nahema. Nyuma yangu nikasikia hatua. Mama Zaina, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na tenga la kabichi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Sista." Akanichukulia kikapu changu bila kuniomba, akanipita. "Wewe pumzika hapo. Nitakusubiri juu."