Kamera Kubwa, Filamu Moja

Nakumbuka asubuhi moja dukani kwa Mzee Salumu, pale Kasulu, miaka ile ya sabini, nilipokuwa kijana mpiga picha mwenye ndoto nyingi kuliko wateja. Mwanangu, nasikia unataka kutoka kwenye picha za mnato uingie video. Kaa kwanza nikwambie.

Mzee Salumu alikuwa na kamera mbili za sinema, alizoachiwa na mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Moja ndogo, imechubuka, lakini ina filamu za kutosha. Nyingine kubwa, lenzi ndefu, inang'aa, ila filamu yake moja tu, na filamu hizo hata Kigoma mjini hukuzipata.

"Chukua hii ndogo, bwana mdogo. Utakosea, utarudia."

"Mzee, nikishika hiyo watu watadhani nimeshika kibiriti!"

Akacheka. "Haya, kanunue sifa."

Nikachukua kubwa. Hata kamera yangu ya picha nilimwachia, ndiyo ikatimiza bei.

Rafiki yangu Nestori, aliyekimbia Burundi na mama yake wakapata shamba upande wa Buhigwe, akanisihi nikampige huyo mama picha ya sinema. Mama Dorotea alikuwa anaumwa kifua, anazidi kudhoofika.

"Wanangu bado wadogo," Nestori aliniambia. "Nataka wakikua wamwone bibi yao anavyotembea."

Na kweli, mwendo wake ulikuwa wake peke yake. Alikujia huku anapiga makofi ya salamu na kucheka, hata kabla hujamfikia.

Siku hiyo alipata nguvu kidogo. Akavaa kitenge chake kizuri, akatoka mlangoni anakuja, anacheka. Nami, kwa mazoea ya picha za mnato na kwa hofu ya kuharibu ile filamu moja, nikapaza sauti: "Mama, simama hapohapo! Usitikisike!"

Akasimama. Alimheshimu fundi. Mashine ikanguruma, mama amekauka kama mlingoti. Baadaye akaniuliza kwa upole, "Mwana wanje, mwanangu, sasa nitembee?" Akanyanyua mguu. Filamu ikaisha.

Ilipelekwa mbali kusafishwa. Iliporudi, mama tulishamzika. Misheni walikuwa na mashine ya kuonyeshea. Wakaziba madirisha kwa mablanketi, wakatundika shuka. Mama akatokea, amesimama. Pindo la kitenge tu linapepea.

"Fundi, imekwama?" Nestori akauliza.

"Haijakwama," nikamjibu.

Akasogea hadi kwenye shuka, akaona mama anapepesa macho. Hapo akalia, na watoto wakawa wanamtazama yeye badala ya bibi yao. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Basi mwanangu, unapochagua mashine, usifikirie utaonekanaje ukiishika. Chagua ile itakayokubakizia nafasi ya kukosea na kurudia: betri ya pili, kanda ya ziada, siku kadhaa za kujifunzia nyumbani kabla hujaitwa kwa watu. Kamera uliyoizoea usiiuze mapema. Na ukishawasha, nyamaza. Mwache mtu atembee, apepete maharage yake, agombeze kuku. Hicho ndicho ulichoitiwa.

Imana, Mungu wetu, akutangulie. Akupe mkono mtulivu na moyo usio na haraka, na wale utakaowarekodi awape umri wa kukaa na watoto wao, wajione wakicheka.