Githeri ya Maji ya Olkaria

Jumamosi hiyo nilirudi kutoka Olkaria, kule umeme unakozalishwa kwa mvuke wa ardhini, na chupa nne za maji ya kisima cha mvuke. Maabara ninakofanya kazi, hapa Nakuru mjini, ilikuwa imefungwa, kwa hivyo nilizipeleka nyumbani Bondeni kwa mama, nikazipanga mezani.

Jumatatu tuliyaweka maji kwenye mashine. Hiyo mashine hugeuza tone kuwa mvuke, huumulika kwa mwale wa leza, kisha hupima mwanga uliofyonzwa na chembe nyepesi na ule uliofyonzwa na nzito. Maana kuna hidrojeni nyepesi na kuna nzito, na maji ya kila mahali yana mchanganyiko wake. Ukiujua, waweza kukisia mvua yake ilinyesha wapi.

Bosi wetu, mzee mpole aliyeyangoja maji hayo kwa hamu, alitazama majibu akavua miwani. Maji ya Olkaria yalifanana kabisa na ya mfereji wa mjini. Basi, akasema, mvua ya Nakuru hupita chini ya ardhi mpaka Olkaria, na hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo. Wiki nzima akawa anachora mishale kwenye ramani ya ukutani. Chai yake ilipoa kila siku.

Jioni moja tukila nilimsimulia mama. Akaacha kutafuna.

"Ni zile chupa zilikuwa kwa meza?"

Nikamwambia ndizo.

Akaeleza polepole kwamba Jumapili nikiwa kanisani mfereji ulikauka, naye alikuwa ameshachambua mahindi na maharagwe ya githeri, akayapika kwa maji ya chupa zangu. Maji yaliporudi alizijaza chupa tena, kila moja mpaka palepale, maana si vizuri kutumia kitu cha mtu bila kurudisha.

"Na hiyo githeri iliiva haraka," akaongeza.

Asubuhi nilimkuta bosi amesimama juu ya kiti, kalamu mkononi. Nilimweleza yote nikitazama viatu vyangu. Alishuka, akakaa. Kisha alicheka mpaka akashika ukuta.

"Basi mashine ni nzima," akasema. "Imemshika mama yako."

Siku hiyohiyo tulirudi Olkaria. Maji mapya yalitoa majibu ya kawaida, yaleyale ya miaka yote, na ramani ikabanduliwa.

Mama alisisitiza kumpigia bosi simu aombe msamaha. Walizungumza nusu saa, zaidi kuhusu viazi vya Molo, na mimi sikutajwa.