Makumbi Chini ya Mwasumini

Harufu ilitangulia mkokoteni. Ilikuwa harufu ya yai viza na tope la bahari, ikaingia kichochoroni kwetu, mtaa wa Kuze, hata wanawake wakafunga madirisha ya juu. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na kila kipya kilinifurahisha, hata kikinuka. Nikatoka mbio nikishangilia. Mkokoteni ulijaa makumbi ya nazi, meusi, laini, yanachuruzika. Yalitoka ng'ambo ya kivuko kwa wasokota kamba, ambao huyafukia katika tope la pwani miezi mingi mpaka yalainike, ndipo wayaponde. Mama aliyataka kwa ulaini huo. "Kumbi kavu mpaka ulibembeleze ndipo linywe maji," alisema. "Haya yameshajifunza kunywa."

Mwaka ule masika yalitupita. Mfereji wa nyumbani ulikohoa hewa tu, na kisima cha uani kilitoa ndoo chache kisha tope. Uani hapo ulisimama mwasumini ulioachwa na marehemu bibi yangu. Dada yangu Salma alikuwa aolewe Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani, na Mama alikuwa ameapa kwamba vikuba vya Salma, vile vishada vya asumini avaavyo bibi harusi, vitatoka kwenye mti ule ule uliotoa vikuba vyake yeye. Basi akapanga. Alichora kwa mkaa sakafuni: mwasumini karibu na mahali pa kutawadhia, ili maji ya udhu yaufikie kwa kijia chake, mirihani kando yake, maana nayo ina kiu, shubiri mbali ukutani, kwa kuwa haiombi kitu. Tukauchimbua udongo uliochoka, tukauchanganya na samadi ya mbuzi na majani makavu. Mwasumini ukainuliwa pamoja na bonge la udongo wake, taratibu, kama mgonjwa anayehamishwa kitanda. Chini yake tukatandika makumbi ya kushika maji, juu tukafunika makuti makuukuu ili jua lisinywe kabla ya mti.

Jirani yetu Bi Rukia alichungulia mlangoni ameshika pua, akamwuliza Mama. "Mwanaisha, wapanda asumini au wazika maiti?"

"Nazika kiu, Bi Rukia. Karibu ndani."

"Ndani humo? Nitakaribia harusini, inshallah."

Harufu ikaisha, tukadhani ubaya nao umekwisha. Udongo ulibaki na unyevu hata adhuhuri, nami nikaota bustani juu ya mapaa yote, kuanzia Kuze mpaka Biashara Street. Kisha ncha za majani zikageuka kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Mama akasema ni kiu, akaongeza maji ya kuoshea mchele. Majani yakazidi kuungua. Vitumba vikaanguka kabla ya kufunguka. Asubuhi nilivikuta vimetapakaa, vigumu kama punje. Salma alivipita bila kuvitazama, na kuimba aliacha. Bi Rukia akaja tena. "Mti wa harusi kukauka kabla ya harusi," akasema, "mimi sisemi kitu." Akakaa mpaka magharibi akisema.

Siku moja niliona weupe juu ya udongo, kama unga uliomwagika. Nikagusa, nikaramba kidole. "Mama, ni chumvi!" Akaonja naye, akaketi palepale chini. Makumbi yale yalikuwa yamelala baharini, yamejaa bahari, na kila kopo tulilomwaga liliikoroga na kuipandisha mizizini. Dawa Mama aliijua: kuyatoa yote, kisha kuusuuza udongo na mizizi kwa maji matamu, tena mengi. Maji matamu tuliyokuwa nayo ni yale ya madumu, yaliyopangwa ukumbini kwa pilau na wageni, na harusi ilikuwa wiki ile. Akalichukua dumu moja, akafungua kifuniko, akasimama nalo juu ya mti. Salma akatoka chumbani, mikono ameinyoosha mbele kwa sababu ya hina mbichi.

"Mama," akasema polepole, "watu watakuja na kiu."

Mama akalifunga dumu. Salma aliolewa akiwa amevaa vikuba vya kununua, akacheka harusi nzima, na aliporudi kututembelea pamoja na mumewe mwasumini ulikuwa kuni.

Sasa mimi ni mtu mzima, na kuota bustani sijaacha. Nimepanda vijimiti darini, ndani ya ndoo kuukuu. Makumbi nayaosha na kuyaonja mpaka ulimi usihisi kitu, na alhamdulillahi, vinamea. Lakini wakati ule chumvi tuliiingiza wenyewe, na lau tungekuwa na maji tungeitoa. Siku hizi chenye chumvi ni kisima chenyewe. Majirani nao wasema visima vyao vimebadilika ladha. Bahari yaja chini ya nyumba zetu kimyakimya, na hakuna tutakayemtuma airudishe. Kila asubuhi Mama huteka ndoo, huchovya kidole, huonja.

"Vipi leo, Mama?" humuuliza.

Mwaka jana alikuwa akinijibu, "Bado matamu." Siku hizi hufuta midomo kwa ncha ya leso, hukifunika kisima, kisha huniambia niende nikanunue madumu.