Wa Nne Kwenye Albamu ya Kanali

Jina lake ni Nhàn, na kwetu Thái Bình neno hilo maana yake ni raha, kukaa bila la kufanya. Sijui wazazi wake walikuwa wanamtania nani. Tangu nihamie hapa, ukuta wangu ukiegemea ukuta wake, sijawahi kumwona amekaa kitako mpaka kikombe cha chai kikamwishia mkononi. Anakula amesimama. Anaongea huku anafagia. Ukimpa kiti anakifuta vumbi, kisha anakusogezea wewe. Mimi natengeneza tofu, jibini la maharage ya soya, naamka kabla ya jogoo, na bado nikifungua mlango namkuta uani anahamisha vyungu vya maua kutoka upande huu kwenda ule. Kesho yake anavirudisha.

"Dada Nhàn, hivyo vyungu vimekukosea nini?"

"Wewe chemsha soya zako, Thoa."

Aliolewa vita vilipokuwa vimepamba moto. Mumewe, Khoát, alikuwa mtoto wa pekee wa mama mjane, tayari yuko jeshini. Walimpa ruhusa fupi aje aoe, kisha akateremka kusini na kikosi chake, na hakurudi. Amani ilipokuja ililetwa karatasi iliyosema amefia medani ya kusini, bila tarehe wala mahali. Kwa hiyo dada Nhàn humfanyia kumbukumbu siku ile aliyoondoka nyumbani, kama wafanyavyo wajane wengi hapa. Anachemsha kuku, anapika wali wa kunata, anawasha udi. Juu ya meza ya wahenga kuna picha ya baba mkwe na ya mama mkwe, na kando yao fremu yenye kioo kinachong'aa, ndani haina kitu. Picha pekee ya Khoát ilichukuliwa na mafuriko pamoja na kabati lililoihifadhi.

Mwaka jana, kumbukumbu ikikaribia, aliingia jikoni kwangu akaanza kupanga ndoo ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nikikuambia kitu utanicheka?"

"Inategemea ni kitu gani."

"Simkumbuki." Aliifuta ndoo ambayo haikuwa na uchafu. "Sura yake. Mikono naikumbuka. Sauti yake akimwita mama yake naikumbuka. Lakini nikifumba macho nione uso, namwona huyo mwigizaji wa kwenye kalenda yako."

Niligeuka nikamtazama yule mwigizaji, na nywele zake za mafuta. Mimi ni mtu wa kucheka hata msibani, ila siku hiyo kicheko hakikuja.

"Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiniambia, alikuwa hivi, alikuwa vile. Naye ameshakwenda. Siku nikifa, Thoa, nitamtambuaje huko? Nitampita njiani kama mgeni."

Tulikwenda kwanza kwa mzee Quế, mchoraji wa sura za marehemu pale sokoni. Wengi hapa wamechorewa wafu wao naye kwa makaa na brashi. Mtu akikosa picha, mzee Quế humwambia amletee ndugu wa damu aliyefanana na marehemu, achukue pua ya kaka, macho ya shangazi, aunganishe. Khoát hakuwa na kaka wala shangazi aliye hai. Mzee Quế alikuna kichwa akasema hewa haichoreki.

Halafu mteja wangu mmoja, akinunua tofu, akanitajia Kanali Vượng. Alikuwa kapteni wakati ule, na ndiye aliyeongoza kombania walimopelekwa vijana wa wilaya yetu. Amestaafu, amerudi kuishi kwa binti yake mjini, na ana albamu ya picha za vita anayoionyesha kila anayebisha hodi, hata msoma mita. Nilimwacha mteja na tofu yake mkononi nikakimbilia kwa jirani.

Nilimpakia dada Nhàn nyuma ya baiskeli. Kila kilima kidogo anaruka chini anatembea, hata pale ambapo hapakuwa na kilima.

"Panda bwana, utanivunjia baiskeli kwa hayo marukaruka!"

"Endesha, mimi niko nyuma yako."

Kanali Vượng alitupokea kwa furaha ya mtu ambaye binti yake amechoka kumsikiliza. Albamu aliitoa kwenye kitambaa cha parachuti akaifungua polepole. Picha alizipiga mwenyewe kwa kamera aliyoiokota, akazisafishia msituni ndani ya blanketi. Alizibandika kwa gundi ya mchele, na mende wakaila gundi pamoja na majina aliyoyaandika chini yake. Vijana wote wamekonda, wote wamevaa kofia zilezile pana za jeshi. Nilimwona dada Nhàn anahangaika kutoka uso hadi uso, nikajua hamwoni.

"Khoát!" Kanali alipiga goti lake kofi. "Khoát wa Thái Bình! Huyu hapa, shemeji. Ningemsahau vipi?"

Alikuwa kijana mzuri kupita kiasi. Kidevu kimechongoka, bunduki begani, mguu mmoja juu ya gogo.

"Ala!" nikasema. "Dada, ulikuwa na mume mzuri hivi na ukakaa kimya miaka yote?"

"Eeh," alisema dada Nhàn. "Ndiye." Kanali akaibandua picha kwa ncha ya kisu, akampa kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kesho yake vyungu vilihama asubuhi, vikahama mchana, vikahama tena jua likizama. Picha aliipeleka kwa mzee Quế, na kabla mzee hajachonga kalamu akarudi kuichukua. Akaiweka kwenye fremu. Akaitoa. Nilisikia kupitia ukutani fremu inafunguliwa na kufungwa mpaka nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwake nimevaa aproni yangu ya maji.

"Una nini wewe?"

"Si yeye."

"Umejuaje? Si umesema humkumbuki?"

"Huyu anajua anapigwa picha. Angalia mguu huo. Nimemtazama, nimemtazama, moyo haushtuki hata kidogo."

Hasira zikanipanda, sifichi. Nilikuwa nimechoka kwa ajili yake. "Basi mchukue huyohuyo! Kamanda wake kasema ndiye. Mpe mzee Quế, wasiojua wataona fremu imejaa, watafurahi. Nani atajua?"

"Khoát atajua," alisema, akachukua ufagio.

Tukarudi mjini. Safari hii Kanali hakufurahi. Uso ulimbadilika alipoelezwa.

"Shemeji, unaniambia mimi siwajui vijana wangu? Wengine niliwazika kwa mikono hii! Kila asubuhi nawataja kwa majina kabla sijanywa chai!"

"Sijasema hivyo, kaka Kanali. Naomba tu kuiona tena."

"Hata chakula hakimshuki," nikadakia. "Utamlaza na njaa mjane wa kijana wako?"

"Na wewe binti wa tofu, mdomo wako haupumziki." Lakini albamu aliileta. Aliiweka mezani akageukia dirishani, amekunja mikono. Dada Nhàn alifungua kurasa mwenyewe, amesimama, anazigeuza haraka hata nikaogopa atazichana. Kisha mkono wake ukasimama. Niliona kwanza mkono ndipo nikaiona picha.

"Hawa ni nani?"

Kanali alichungulia kwa pembe ya jicho, akasahau kununa. "Aa, hiyo! Hao ndio wale wanne. Tulicheka siku nzima. Angalia vizuri huyo wa mwisho."

Niliangalia. Vijana watatu wamesimama bega kwa bega mbele ya handaki, na pembeni wa nne, kofia imemshukia usoni. Halafu nikaona kwamba huyo wa nne hana miguu. Lilikuwa jembe lililosimikwa ardhini, limevalishwa shati na kofia.

Kwetu hakuna mwenye akili zake anayekubali kupigwa picha watu watatu, kwa sababu wa katikati huchukuliwa na mauti. Mimi mwenyewe harusini nikiona tumebaki watatu namvuta yeyote anayepita, hata mwosha vyombo.

"Wenzao wote walikuwa wanachimba," alisema Kanali. "Toản akagoma, eti hasimami mpaka apatikane wa nne. Mtukutu yule! Huyo hapo katikati. Akavua shati lake mwenyewe, akalivalisha jembe, akalipigia saluti."

Dada Nhàn hakuwa anamsikiliza. Kidole chake kilikuwa kwenye shati la jembe, kwenye mfuko wa kifua. Vifungo vyote vya shati lile vilikuwa vyeusi. Cha mfukoni kilikuwa cheupe.

"Hiki nimekishona mimi," alisema. "Alikuja na shati halina kifungo cha mfuko. Dukani hapakuwa na kitu wakati ule. Nilikata kifungo cha blauzi yangu ya harusi."

Kanali alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati lake, akaivaa tena. Katika wale watatu, aliye kifua wazi alikuwa mmoja tu, yule wa katikati. Mbavu zinahesabika, masikio yamesimama kama mishikio ya sufuria, mdomo wazi anacheka. Hakuwa mzuri hata kidogo.

"Basi Toản ndiye niliyekupa," alisema Kanali. Alikaa chini taratibu, na uzee wote ukamwonekana. "Toản wa Nam Định ndiye mwenye bunduki. Na huyu mtukutu ni Khoát. Nimewabadilisha. Kila asubuhi namwita huyu kwa jina la yule. Nisamehe, shemeji."

"Walikuwa wengi, kaka Kanali," alisema dada Nhàn.

Mimi nilikuwa nimeona jambo jingine, nikauuma ulimi. Jembe walikuwa wamelisimika mwisho wa mstari. Ukilitoa, wanabaki watatu, na Khoát yuko katikati. Ulimi wangu haujazoea kuumwa, na nadhani ilionekana usoni.

"Nimeona, Thoa," alisema. "Usijikaze hivyo, utapasuka."

Aliiinua albamu karibu na macho, akakaa nayo muda mrefu. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama sasa amemkumbuka. Akatikisa kichwa. "Simkumbuki. Lakini nimemjua." Akacheka kidogo, na hapo machozi yakamtoka, nami yangu yakafuata.

Picha ya Toản tuliirudisha ukurasani. Kanali alisema atawatafuta ndugu za Toản huko Nam Định. Mzee Quế alimchora Khoát na masikio yake yote, ila akasema kifua wazi mbele ya wazazi juu ya meza ya wahenga ni utovu wa adabu, lazima amvalishe shati. Dada Nhàn akakubali, akasimama nyuma yake kuhakikisha kifungo cha mfuko kinaachwa cheupe.

Siku ya kumbukumbu nilipeleka tofu ya kukaanga. Mgeni mmoja, mke wa mwenyekiti mpya wa kijiji, aliitazama fremu akauliza kwa upole, "Bibi, huyu ni mjukuu wako?"

"Mume wangu," alisema dada Nhàn, akaendelea kugawa wali.

Wageni walipoondoka nilimkuta amekaa. Kwenye kiti, mgongo umeegemea, chai mkononi. Nilishtuka hata nikamuuliza kama anaumwa.

"Niko mzima. Nilikuwa nawaza maneno ya yule mama. Mimi sasa nitamtambua. Ila yeye atakuwa anamtafuta msichana. Nitamsalimia, naye ataniamkia shikamoo, bibi."

Aliweka kikombe chini, akaingia chumbani, akarudi na kitu kilichokunjwa ndani ya karatasi. Blauzi ya zamani, rangi imefifia, vifungo vyeupe mpaka shingoni, na pengo moja pale ambapo uzi ulikatwa.

"Siku yangu ikifika utanivalisha hii. Na wewe ninavyokujua kwa kiherehere chako, Thoa, usije ukaishonea kifungo."