Kahawa ya Mama Mhazini

Mhazini wa usharika wetu hapa Nyakakika ni mama mjane ambaye sijawahi kumwona na haraka. Nilipoanza kazi ya ukatibu nilimwona mkaidi tu. Leo namvulia kofia.

Alikuwa na sharti moja. Pesa ya kanisa haitoki mpaka anayeiomba aje mwenyewe, aketi kwenye mkeka wake, apokee kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikapu kidogo, kama tunavyompokea mgeni yeyote huku kwetu, kisha aeleze shida yake. Hata mchungaji alitafuna. Tulikuwa tukitaniana kwamba malaika naye akishuka na ankara atapewa kahawa kwanza.

Mwaka ule sikukuu ya mavuno ilitubariki. Tulinadi ndizi, maharage na ndama aliyetolewa na familia moja ya wafugaji, na kwa mara ya kwanza tukapata pesa ya mabati. Paa letu lilikuwa linavuja mpaka madhabahuni.

Siku chache baadaye nikapigiwa simu na namba ngeni.

"Katibu, ni mimi mchungaji wako. Simu yangu imeisha chaji, nimeazima hii. Niko Bukoba, nimepata mabati kwa bei ya kutupa, ila kuna mtu mwingine anayataka. Mwambie mhazini atume sasa hivi kwenye namba hii, jina litatokea la mwenye duka."

Sauti ilikuwa ya mtu mwenye mafua, lakini ni kweli mchungaji alikuwa amesafiri tangu asubuhi. Nikapiga namba yake ya siku zote, haipatikani. Basi, nikaamini.

Nikakimbia kwa mama. Alinisikiliza hadi mwisho huku akimenya ndizi.

"Aje atafune kahawa," akasema.

"Mama, yuko Bukoba!"

"Akirudi, kikapu kipo."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia, mbele ya wajukuu zake, kwamba mabati yakitupita lawama ni zake peke yake. Maneno yale bado yananichoma. Nikatoka na simu yangu mkononi, pesa ya maharage niliyouza juzi yake ikiwa ndani.

Jioni mchungaji akashuka kwenye bodaboda, vumbi tupu, akitokea mazishini Songambele, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Bukoba hakufika.

Nikarudi kwa mama. Nikamwamkia shikamoo, nikaomba radhi nikiwa nimesimama mlangoni, nikamsifu kwa dhati: pesa ya usharika imepona yote, mabati yatanunuliwa, kanisa zima litamshukuru. Sikusema zaidi ya hapo.

Alinitazama usoni. Kisha akasogea kunipisha kwenye mkeka, akaleta kikapu mbele yangu.

"Tafuna kwanza, mwanangu. Halafu uniambie ulimtumia kiasi gani cha kwako."